Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Kata: mtihani wa mwezi na mkono wa birika

Ndugu Afisa Elimu Kata,

Salaam. Nafundisha Kiswahili darasa la sita, na ninakuandikia kuhusu mtihani wa mwezi unaotoka ofisini kwako.

Wanafunzi wangu wanaufaulu. Ukiwauliza maana ya "mkono wa birika", karibu darasa zima litazungushia C, mchoyo. Juzi nikawaambia waitungie sentensi. Mmoja akaandika: "Mama alinunua mkono wa birika sokoni." Jirani yake akanakili hiyo hiyo, ila mama yake yeye alinunua miwili.

Kesho yake nikaja na birika la nyumbani, nikaliweka mezani, nikasema liombeni chai. Wakacheka. Kisha mtoto wa dawati la nyuma, ambaye huwa hasemi, akanyoosha kidole: "Mwalimu, mkono wake umejikunja, haunyooki kumpa mtu." Siku hiyo nilisoma sentensi kama "Kaka ana mkono wa birika, hata kifutio haazimishi."

Ufupisho ndio balaa zaidi. Wengi hunakili sentensi ya kwanza na ya mwisho, basi. Siwalaumu: kwenye karatasi zetu "utungaji" ni kupanga sentensi nne zilizochanganywa, A hadi D. Mtoto anaweza kumaliza la saba hajaandika aya yake mwenyewe. Siku hizi nawafungisha vitabu na kuwapa simu ya kujifanya: salio limebaki la nusu dakika, mweleze bibi kilichotokea kwenye kisa cha mwindaji tulichosoma. Hapo hakuna anayetaja rangi ya shati la mwindaji. Wakishasema, ndipo waandike.

Naomba mtihani huo uwe na swali la kufupisha kifungu kwa maneno ya mtoto mwenyewe, na nahau mbili za kutungia sentensi. Madaftari zaidi ya themanini hayasahihishwi usiku mmoja, kwa hiyo tuongezewe siku za kuleta matokeo. Wastani wa kata utashuka mwanzoni, na wangu utakuwa wa kwanza kushuka. Nikiitwa kikaoni, nitakuja na madaftari.

Karibu Alhamisi, kipindi cha tatu, ujionee. Usichelewe, Ijumaa birika linadaiwa nyumbani.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa darasa la sita