Barua ya wazi kwa wazazi vijana wa mtaani: legezeni hizo kamba mnazofungia mikono iliyovunjika

Wanangu,

Msimu wa maembe ndio kwanza umeanza na mimi nimeshakasirika. Nitasema kama nilivyokuwa nikisema wodini kabla sijastaafu uuguzi. Atakayenuna na anune.

Mtoto wa darasa la kwanza kaanguka mwembeni, kajikinga kwa kiganja, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Hapo hakuna ajabu. Watoto wa miaka 5 hadi 7 huvunjika sana hapo, maana anayeanguka hutanguliza mkono. Ajabu ni yaliyofuata. Kwa mganga, mkono ulikandwa mafuta ya nazi, ukavutwa, ukazungushiwa vibanzi vya mianzi na kukazwa kwa vipande vya khanga mpaka ngozi ikafura juu na chini ya fundo. Mtoto akalia usiku kucha. Akaambiwa avumilie, yeye mwanaume. Alfajiri akanyamaza, nyumba nzima ikashukuru kwamba dawa imeshika.

Dawa gani? Mkono ulikuwa umekufa ganzi! Mshipa mkubwa wa damu hupita mbele ya kiwiko, pamoja na mishipa ya fahamu. Uvimbe ukijaa ndani na kamba ikibana nje, damu haipiti, na nyama ikikosa damu kwa saa 6 hivi huanza kufa. Hakukatwa mkono, alhamdulillah, lakini vidole vimejikunja na havikunjuki. Ndio kwanza alikuwa anajifunza kuandika.

Waganga wa kuunga mifupa siwatukani wote. Ila mjue mfupa wa mtoto una haraka ya kuunga wenyewe: paja la mtoto mchanga huunga kwa wiki 3 au 4, la baba yake ni miezi. Sifa nyingi za mganga zinatoka hapo.

Na hilo neno lenu la "kateguka tu" mliache. Mfupa wa mtoto hupinda na kupasuka upande mmoja kama kijiti kibichi, hauonekani umevunjika. Tena kwenye ncha zake kuna gegedu la kukulia, ile sehemu laini inayorefusha mfupa. Likiumia, mkono unaweza kukua umepinda. Apigwe eksirei.

Akiumia, usikande wala usivute. Weka kibao au gazeti lililokunjwa, funga kwa kulegeza, uninginize mkono shingoni kwa khanga. Usimpe chakula, huenda akahitaji dawa ya usingizi hospitalini ili mfupa urekebishwe.

Mengine mnayajua: mguu kwenye spoku za baiskeli, ngazi zisizo na ukingo, watoto wanne juu ya bodaboda moja. Mtoto ambaye hajaanza hata kutambaa akivunjika paja, daktari atahoji kwa ukali, na ana haki. Nasi majirani tuliosikia kilio tukaongeza sauti ya redio, tuhojiwe pia.

Msiwachape kwa kupanda miti. Kiwanja chao tumekiuza, leo ni fremu za maduka. Na mama mwenye nauli ya kwenda tu, eksirei iko mbali, mganga yuko mlango wa pili: hilo ni la kwetu wakubwa na la hao tunaowapigia kura.

Hata hogo la hospitali, ile plasta ngumu, hubana. Likishafungwa, mwinulie mkono juu ya mto, na usiku ule mwamshe umtazame vidole. Vikiwa baridi, vimepauka, au akipiga kelele ukivinyoosha, mrudishe usiku huohuo. Tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi isikuzuie.