Taa Kuwaka Si Ushahidi: Yaliyo Nyuma ya Swichi na Soketi Zako

Tukiingia nyumba za kupanga hapa Kisumu, iwe Manyatta, Migosi au Mamboleo, tunapokewa karibu kila mara kwa maneno yaleyale: "Fundi, stima haina shida, taa zote zinawaka, ni hii soketi moja tu." Tunaifungua hiyo moja, tunatazama, halafu tunaomba ruhusa ya kufungua na nyingine. Tabia ya stima ni kwamba inakubali kufanya kazi hata ilipofungwa vibaya. Taa itawaka, simu itachaji, friji itagandisha, na kosa litakaa hapohapo miaka. Haya tunayaandika ili ukimwita fundi, awe wetu au wa kwingine, ujue cha kumuuliza.

Tuanze na swichi. Kazi yake ni kukata laivu, yaani waya unaoleta stima, kabla haujafika kwenye bulbu. Lakini bulbu haijui umekata upande gani. Kata laivu, itazimika; kata nyutro, yaani waya unaorudisha stima, itazimika vilevile. Fundi asiye makini akipitisha nyutro kwenye swichi, chumba kitakuwa giza ilhali holda ina volti 240 usiku na mchana. Mama anazima taa, anapanda kiti abadilishe bulbu, kidole kinagusa ndani ya holda, anarushwa chini. Majirani watasema alisahau kuzima, na wala hakusahau. Bulbu ya LED ikibaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa, mwambie fundi apime. Huenda ni jambo dogo, kwa sababu swichi zenye kitaa cha ndani nazo huleta mwanga huo, na pia nyaya ndefu zilizolazwa pamoja. Ila hutajua bila kupima.

Kwenye soketi, kosa lile lile lina sura nyingine. Ukiitazama kwa mbele, tundu la juu ni la athi (waya wa kupeleka ardhini stima iliyovuja), la kulia ni laivu, la kushoto ni nyutro. Ukiigeuza nyuma, kulia kunakuwa kushoto, na hapo ndipo aliyejifunza kazi kwa kuchungulia huchanganya, ingawa herufi L, N na E zimechapwa kando ya skrubu. Laivu na nyutro zikibadilishana nafasi, kila kifaa kitaendelea kufanya kazi. Tatizo ni kwamba fyuzi ya plagi na swichi ya soketi zimekusudiwa kukata laivu. Zikiwa zinakata nyutro, pasi inaweza "kufa" na bado ikawa na stima ndani yake.

Rangi nazo zisikudanganye. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro; nyaya za sasa ni kahawia kwa laivu na buluu kwa nyutro. Athi ni kijani chenye mstari wa njano, ingawa kwenye nyumba kuukuu utaukuta wa kijani kitupu. Nyumba iliyoongezwa vyumba ina rangi za enzi zote mbili, na mahali palipoletwa fezi tatu zamani, yaani laivu tatu tofauti, buluu ilikuwa laivu. Sisi hupima kila waya, hata ule ambao rangi yake inaonekana wazi kabisa.

Na ile kalamu! Karibu kila nyumba ina kalamu ya biki ya kusukuma tundu la juu ili chaja ya pini mbili iingie. Pini ya athi ilifanywa ndefu ili ifungue vilango vinavyoziba laivu na nyutro. Ukivifungua kwa kalamu umeondoa kinga aliyowekewa mtoto wako. Adapta ni bei ndogo. Nunua.

Sasa athi, ambayo ndiyo inayotukosesha usingizi. Waya huu haufanyi kazi yoyote inayoonekana mpaka siku kifaa kinapoharibika, kwa hiyo mtu akitaka kupunguza gharama za wayaringi, ndio huachwa kwanza. Mwenye nyumba haoni tofauti. Soketi ina matundu matatu, nani atajua kwamba moja halijaunganishwa na chochote? Siku laivu inapogusa bodi ya friji, pasi au jiko la stima, athi iliyofungwa vizuri inalipeleka lile pigo ardhini na breka inaruka papo hapo. Bila athi, bodi inakaa na stima ikisubiri mwenye miguu mitupu.

Hata ikiwepo, udongo wa huku una mambo yake. Upande wa Kano, Ahero na kuendelea, udongo mweusi hupasuka wakati wa kiangazi ukaachana na fimbo ya shaba iliyochomekwa humo. Ukipanda Riat, unakutana na mwamba kabla fimbo haijafika mbali. Kote huko fimbo moja fupi mara nyingi haitoshi: huongezwa urefu au huwekwa ya pili, kisha hupimwa kwa kipimo cha athi. Kuiona tu imechomekwa nje ya ukuta hakutoshi.

Athi mbovu hujitangaza bafuni. Kama maji ya shawa ya instanti yanakuchoma-choma vidole, au ukishika bomba unahisi mtetemo, usiseme "ni kawaida ya instanti". Si kawaida. Shawa ya kilowati 5 inavuta takriban ampea 21. Inahitaji kebo yake ya milimita 6 za mraba inayotoka moja kwa moja kwenye breka yake, na swichi inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Tumekuta shawa zilizotundikwa kwenye kebo ya taa ya milimita 1.5, na zinatoa maji moto bila shida, mpaka kebo ianze kuyeyuka ndani ya ukuta.

Kama tungeruhusiwa kuongeza kitu kimoja tu kwenye nyumba, tungechagua RCD ya miliampea 30, yaani swichi ya kinga inayokata stima ikianza kuvuja. Inalinganisha stima inayokwenda na inayorudi. Kiasi hicho kikipotea njiani, pengine kupitia mwili wa mtu, inakata mara moja, hata pale athi ni dhaifu. Ina kitufe cha T. Kibonyeze kila baada ya miezi michache. Isipokata, imekufa.

Nyumba za mabati zinahitaji neno lake. Kebo inapitishwa kwenye tundu la mabati lisilo na mpira wala paipu. Upepo wa ziwa unatikisa paa, ukingo wa bati unakwaruza ganda la waya kidogo kidogo, na siku moja nyumba nzima ina stima. Kisha kamba ya nguo, ambayo kwa wengi ni waya, imefungwa kwenye nyumba hiyohiyo. Mtu anaanika nguo mbichi. Ukifanya jambo moja wikendi hii, badilisha kamba hiyo uweke ya nailoni, na umwite fundi aweke paipu penye tundu.

Dalili za skrubu zilizolegea tutazitaja haraka: soketi yenye joto, alama ya hudhurungi kando ya matundu, harufu ya plastiki iliyoungua, taa inayopepesa ukigusa swichi. Ukiona mojawapo, izime kwenye breka usiitumie. Na ukinunua waya, kwaruza kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ikiwa nyeupe chini ya rangi, ni alumini iliyopakwa shaba, na irudishe dukani hata kama tayari umeikata.

Jambo la mwisho ni la wale wanaopenda kujifanyia. Kubadilisha bulbu au plagi, sawa. Lakini usifungue soketi kwa sababu tokeni zimeisha au stima imepotea mtaani. Mtu akiwa sebuleni anaingiza tokeni kwa nia njema, na wewe una bisibisi mkononi. Zima meinswichi, na pima. Tena testa ijaribu kwanza mahali unapojua pana stima, kisha pale unapofanya kazi, halafu rudi ulikoanzia uhakikishe haijafa katikati. Mita yenyewe na sili zake usiguse. Hizo ni za Kenya Power.

Wayaringi ya kudumu ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini. Mwombe uione, asinune. Sisi tukija hukagua kisanduku cha breka, soketi zote, holda zote na athi, na vipimo tunakuachia kwa maandishi, uwe mwenye nyumba au mpangaji.

Ukitupigia simu tutakuuliza mambo mawili kabla ya kupanga siku: je, shawa yako inachoma-choma, na je, kuna bati au bomba linalokurusha ukiligusa? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, zima meinswichi sasa hivi, waambie na majirani wa ploti hiyo wasiguse kitu. Tutakuja leo.