Maji yamejaa, mbona gari bado linachemsha?

Lawama inayorudi kila wiki ni hii: rejeta mpya, maji hadi mdomoni, kilomita kumi tu mshale wa joto umepanda. Ikifuatiwa na nyingine: mnanitozaje saa nzima kwa kujaza maji?

Unacholipia ni kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye njia za maji ya kupoza injini. Maji yakimiminwa haraka, upepo hunasa sehemu za juu, kwenye silinda hedi (kichwa cha injini) na mipira ya hita. Pale penye upepo chuma hakipoozwi. Hedi ya aluminiamu hupinda, gasketi inayoziba kati yake na injini ikaungua. Sensa nayo ikizungukwa na mvuke husema uongo, ndiyo maana mshale hupanda na kushuka ghafla. Ukisikia maji yakibubujika nyuma ya dashibodi, au hita inapuliza baridi wakati injini ni moto, upepo umo. (Ndiyo, hita ileile ambayo Dar hakuna anayeiwasha.)

Gari huinuliwa pua, hita huwekwa joto la mwisho, maji humiminwa polepole huku mpira wa juu ukiminywa. Subaru nyingi zina skrubu ya upepo juu ya rejeta. Hufunguliwa mpaka yatoke maji bila mapovu. Kisha injini huwashwa, mfuniko wazi, hadi thamostati, vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ifunguke, kwenye nyuzi 82 hivi. Maji hushuka, tunaongeza. Feni iwake na kukata mara mbili, gari lipoe kabisa, tukague tena. Vitz yenye injini ya 1NZ hubeba karibu lita 5: ikiwa mfumo wote ulimwagwa na zimeingia tatu na nusu, zilizobaki ni upepo.

Kuhusu kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, usinunue kwa rangi. Ya pinki ya Toyota, Super Long Life, imeshachanganywa; kuiongezea maji ni kuiharibu. Iliyokolea huchanganywa nusu kwa nusu na maji ya kuongezea betri, yale yasiyo na asidi. Maji ya kisima yenye chumvi huacha magamba na kula aluminiamu. Kijani juu ya pinki huweza kuganda kama uji, na njia nyembamba za hita ndizo huziba kwanza.

Na wale wanaong'oa thamostati "kwa sababu huku joto": injini haipati joto lake, mafuta yanaliwa zaidi. Kwenye injini ambazo thamostati pia hufunga njia ya mkato ya maji, ikishang'olewa njia hiyo hubaki wazi, maji huikwepa rejeta na gari huchemsha zaidi.

Mapovu yasipoisha baada ya feni kukata mara mbili, hapo si upepo tena. Ni moshi wa silinda unapita kwenye gasketi, na hiyo ni bei nyingine.