Barua ya malalamiko: Oda yetu ya tepe za mashindano ya mbwa mliyoibadilisha bila kutuuliza

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ODA YA TEPE NA TUZO ZA MASHINDANO YA AJILITI

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni katibu wa tuzo wa klabu ya ajiliti, mchezo ambao mbwa hukimbia bila kamba, akaruka viunzi, akapita ndani ya mahandaki ya kitambaa na kupenya katikati ya nguzo, huku mwongozaji wake akimwelekeza kwa sauti na kwa mwili. Kazi yangu ni kuhakikisha kila aliyestahili utepe anaondoka nao mkononi. Katika mashindano yetu yaliyopita sikuweza kuifanya, na sababu yake ni mzigo uliotoka kiwandani kwenu. Mzigo ule haukuwa na oda yetu. Ulikuwa na oda ambayo mtu fulani ofisini kwenu aliitunga upya, kwa makadirio yake mwenyewe, bila kutuuliza hata kwa simu moja.

Fomu tuliyowatumia ilijazwa yote, na mlithibitisha kwa barua pepe kwamba mmeipokea na iko sawa. Tuliomba tepe 80 za nafasi ya kwanza, 70 za nafasi ya pili, 60 za tatu, 50 za nne na 350 za kufuzu, zote bila tarehe, pamoja na rozeti (maua ya utepe) za cheo kipya. Tulipofungua maboksi tulikuta 80 za kila nafasi, na tepe za kufuzu nazo 80. Nilipopiga simu, mhudumu wenu alinisikiliza kwa adabu, na yeye sina ugomvi naye. Alinieleza kwamba aliyeandaa oda "alisawazisha idadi" kwa kuwa ile 350 ilionekana ni kosa la kuandika. Si mshindi ni mmoja tu, aliniuliza, sasa tepe 350 za nini?

Swali hilo lilipaswa kuulizwa kabla ya mashine kuwashwa, na ningelijibu kwa furaha. Naomba nilijibu sasa, kwa sababu bila kulielewa mtairudia kasoro hii kwa klabu nyingine.

Ndani ya ajiliti kuna mashindano mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni la mbwa na mbwa mwenzake: nani kamaliza njia bila makosa na kwa muda mfupi zaidi. Hilo ndilo linalotoa nafasi ya kwanza hadi ya nne. La pili ni la mbwa na kipimo. Mwamuzi hahesabu amewashinda wangapi. Anaangalia kama ameangusha kiunzi, kama amekataa kikwazo, kama ameruka pembeni bila kukanyaga sehemu iliyopakwa rangi kwenye ubao wa bembea, kama amepitiliza muda uliowekwa. Katika kanuni za American Kennel Club, chama cha mbwa cha Marekani, kwa mfano, ngazi za chini zinadai alama zisizopungua 85 kati ya 100, na ngazi ya juu kabisa, Masters, inadai 100 kamili. Mbwa watano wakifikia kipimo, wote watano wamefuzu. Wakifikia hamsini, wamefuzu hamsini. Kila mmoja wao anastahili utepe wa kufuzu, ule wa kijani, hata kama alishika nafasi ya kumi na tisa.

Na huo wa kijani ndio wenye uzito kwa watu wengi wanaokuja uwanjani. Kushika nafasi ya kwanza kunategemea nani mwingine alijiandikisha siku hiyo. Kufuzu kunategemea wewe na mbwa wako. Vyeo vya mchezo huu hujengwa kwa kufuzu: katika kanuni hizo nilizozitaja, cheo cha ngazi ya mwanzo kinahitaji kufuzu mara 3 chini ya waamuzi wasiopungua wawili. Mtu anaweza kucheza miaka mingi bila kuipata nafasi ya kwanza hata siku moja, na ukutani kwake pakajaa tepe za kijani anazojua kila moja ilipatikana uwanja gani na mvua ilinyesha au la.

Idadi za tepe za nafasi nazo zilikuwa na hesabu yake. Mbwa hushindana kwa makundi ya kimo, kwa sababu mbwa mdogo hawezi kupimwa pamoja na mkubwa. Viunzi vyetu huwekwa inchi 8, 12, 16, 20 na 24. Hayo ni makundi matano. Tuna ngazi nne, na kila siku kuna njia mbili za kukimbia: moja yenye vikwazo vyote, nyingine ya viunzi, mahandaki na nguzo peke yake. Tano mara nne mara mbili ni makundi 40 kwa siku, na mashindano yetu ni ya siku mbili. Hapo ndipo 80 ilipotoka. Sasa, si kila kundi lina mbwa wanne. Kundi la wawili halina wa tatu, na kundi la watatu halina wa nne, ndiyo maana idadi yetu inashuka kumi kumi. Katibu yeyote wa tuzo anaijua hesabu hii, na yeyote anayetengeneza tepe za mchezo huu angepaswa kuitambua anapoiona. Nyinyi mkatuongezea tepe 60 za nafasi ambazo hatukuziomba, mkatupunguzia 270 za kufuzu ambazo tulizihitaji, kisha ankara ikaja na jumla ileile ya oda ya awali.

Siku ya kwanza, kabla ya saa sita mchana, boksi la kijani lilikuwa tupu. Kwetu kila mbwa anayefuzu hutolewa stika yenye jina lake, alama zake, muda wake na urefu wa njia aliyokimbia, nayo hubandikwa nyuma ya utepe. Mchana ule wote nilikuwa nawapa watu stika zisizo na pa kubandikwa. Wengi walinionea huruma, wakatabasamu na kusema si kitu. Lakini mwongozaji mmoja alifika mezani na mbwa mzee aliyemchukua kutoka kwenye makazi ya mbwa waliotelekezwa, mbwa ambaye kwa muda mrefu alikuwa akitetemeka bembea ya ubao inapogonga chini. Siku hiyo aliipita, akafuzu kwa mara ya tatu, na cheo chake cha kwanza kikakamilika. Ni desturi kupiga picha na mwamuzi siku ya cheo, mbwa katikati, utepe mbele yake. Yule mama alipiga picha akiwa ameshika kipande cha karatasi. Tutampelekea utepe wake, bila shaka, lakini mwamuzi ameshaondoka na siku ile imeshapita. Hilo hakuna fidia yenu inayoweza kulirudisha, nami nataka mlijue.

Kuhusu rangi. Fomu ilisema bluu kwa wa kwanza, nyekundu kwa wa pili, njano kwa wa tatu, nyeupe kwa wa nne. Mlileta nyekundu zimechapwa "Nafasi ya Kwanza" na bluu zimechapwa "Nafasi ya Pili". Nahisi najua kosa hilo lilikotokea. Ajiliti ilianzia Uingereza mwaka 1978, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, kama burudani ya kujaza muda iliyoiga mashindano ya farasi ya kuruka viunzi, na huko nyekundu ndiyo ya mshindi. Marekani mpangilio ni kinyume, bluu ndiyo ya kwanza, na klabu yetu inafuata mpangilio huo. Pengine aliyeandaa oda amezoea kuchapa tepe za farasi za Uingereza, akadhani sisi ndio tuliochanganya. Ujuzi huo ni mzuri, lakini ulitakiwa uzae swali. Katika mchezo huu rangi husomwa kwa mbali kabla ya maandishi. Mtu akitembea kuelekea kwenye gari lake na utepe mwekundu, kila anayempita humpongeza kwa kushika nafasi ya pili. Washindi wetu walishinda siku nzima wakijieleza.

Lililonisumbua zaidi, ingawa lilihusu vipande vichache, ni rozeti za cheo. Tuliagiza ziandikwe "Cheo Kipya", bila jina la cheo, ili zimfae mbwa yeyote anayepanda ngazi. Mlizichapa "Bingwa". Nadhani mliona linapendeza zaidi. Ila ubingwa katika ajiliti ni jambo zito mno. Kwa American Kennel Club, mbwa hawi bingwa mpaka akusanye pointi 750 katika ngazi ya Masters na afuzu kwenye njia zote mbili ndani ya siku moja, tena mara 20. Wapo wanaolifukuzia hilo kwa maisha yote ya mbwa wao. Siku linapotimia hupewa ufito wa kiunzi cha mwisho walichoruka, marafiki wakausaini, wakakimbia nao kuuzunguka uwanja. Siwezi kumvalisha rozeti ya bingwa mbwa aliyemaliza ngazi ya mwanzo jana. Ningekuwa nawadanganya wenye mbwa huyo na kuwavunjia heshima waliolifikia. Rozeti zote ziko kwenye boksi lake, sikutoa hata moja.

Tarehe nayo mliichapa, wakati tuliandika mara mbili kwenye fomu isichapwe. Tepe zisizo na tarehe hubaki na kutumika mashindano yajayo. Ndivyo klabu ndogo zinavyojimudu, kwa kuwa ada za washiriki zinalipa pia uwanja, mwamuzi na vifaa vya kupima muda. Zile 60 za ziada, hata zenye rangi sahihi, sasa ni takataka. Tena rozeti zilikuja na pini za chuma tulizozikataa kwa maandishi. Mbwa hushangilia kwa mdomo, na rozeti ni kitu cha kwanza anachokitafuna.

Nakiri kwamba satini yenyewe ilikuwa bora, maandishi ya dhahabu yamekaa sawa na kingo hazikufumuka. Fundi wenu anajua kazi. Ndiyo maana inauma zaidi kuona ustadi ule umetumika kwenye kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

Baada ya simu yangu mlinitumia barua pepe yenye ahadi ya punguzo kwenye oda ijayo. Kamati yetu imeikataa. Hatuwezi kuombwa tulipe tena, hata kwa bei iliyopunguzwa, ili tupewe kile ambacho tumeshakilipia. Tunachodai ni kwamba mtutengenezee oda nzima upya kama ilivyo kwenye fomu ya awali, kwa rangi na idadi ileile, bila tarehe na bila pini, kwa gharama yenu pamoja na usafirishaji. Tepe 270 za kijani zilizopungua zitangulie kwa mzigo wa haraka, kwa sababu nina orodha ya wanaozidai na nimewaahidi. Rozeti za "Bingwa" mje mzichukue; zile za "Cheo Kipya" zije badala yake zikiwa sahihi. Kabla ya kuchapa chochote, mtutumie picha ya sampuli moja ya kila rangi, na msianze mpaka mmepata idhini yangu kwa maandishi.

Tunataka pia kujua mtabadilisha nini katika utaratibu wenu. Mtu wa ofisini akiona idadi inayomshangaza, ana namba yetu ya simu na anwani yetu ya barua pepe kwenye fomu ileile anayoitazama. Kumzuia asibadilishe oda ya mteja bila idhini hakuhitaji mashine mpya wala gharama. Naomba jibu lenu liseme wazi kwamba sharti hilo sasa lipo, na litaje ni nani atakayesimamia oda yetu tangu mwanzo hadi mwisho, ili nisianze maelezo haya upya kwa kila anayepokea simu.

Nimeambatanisha nakala ya fomu yetu, uthibitisho wenu, ankara, na picha za mzigo kama ulivyofika. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Muda huo ukipita bila jibu, kamati itadai kurejeshewa fedha zote na kupeleka shauri hili kwenye mamlaka inayohusika na haki za walaji.

Wako katika ujenzi wa michezo,

Katibu wa Tuzo,
kwa niaba ya Kamati ya Mashindano