Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Usafiri: abiria wa Lubumbashi wanaohesabiwa Ndola

Mheshimiwa Waziri,

Pokea kwanza salamu zangu za heshima. Mimi ni muuza tiketi za ndege hapa Lubumbashi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa na madaftari mawili mezani. Katika la kwanza naandika tiketi nilizouza. Katika la pili naandika watu walioniuliza nauli, wakashukuru, wakaondoka: walikotaka kwenda, bei niliyowatajia, na, kwa wale waliokubali kuniambia, njia watakayotumia. Neno linalojirudia kuliko yote katika safu hiyo ya mwisho ni Kasumbalesa, mpaka wetu wa kuingilia Zambia, na ndilo lililonisukuma kukuandikia.

Kila inapojadiliwa kama shirika fulani la nje liruhusiwe kutua Luano, uwanja wetu wa ndege hapa Lubumbashi, au mkataba na nchi jirani uruhusu safari ngapi kwa wiki, hesabu inayowekwa mezani kwanza ni ya abiria waliopanda ndege mwaka uliopita. Sisemi hesabu hiyo ni ya uongo, ila inajibu swali jingine. Inatuambia viti vilivyokuwepo vilichukuliwa na wangapi kwa nauli iliyokuwepo. Haituambii wangapi wangesafiri kama nauli ingepungua au kama ndege ingeruka siku wanayoihitaji. Mwenye duka aliyeleta magunia kumi ya unga akayauza yote hawezi kudai kwamba mtaa mzima unakula magunia kumi.

Kiangazi kilichopita alikuja mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge aliyetaka kwenda Dar es Salaam. Nilipomtajia bei alifungua pochi, akahesabu noti zake taratibu, akaifunga tena. "Mwanangu," akasema, "hiyo ni faida yangu ya mzigo wote." Akapanda basi: Kasumbalesa, kisha Zambia yote hadi Nakonde, akavuka Tunduma na kuendelea, siku kadhaa barabarani huku akilinda mzigo wake. Huyo hayumo katika takwimu za anga za nchi yoyote. Kijana aliyemfuata, aliyekuwa anakwenda Dubai, alivuka mpaka akapandie ndege Ndola, ambako Wazambia walifungua uwanja mpya mwaka 2021. Yeye amehesabiwa, lakini amehesabiwa kama abiria wa Ndola. Mtaalamu akizilinganisha nchi zetu mbili kwa takwimu hizo atakosea mara mbili kwa mtu mmoja: ataipunguzia Kongo abiria wake, na ataiongezea Zambia asiye wake.

Najua wataalamu wana njia nyingine, ile ya kukadiria safari kati ya miji miwili kwa kutazama idadi ya watu, pato lao na umbali. Ni njia nzuri pale ambapo tarakimu zake ni mpya. Kenya ilihesabu watu wake mwaka 2019, Tanzania na Zambia mwaka 2022. Sisi sensa yetu ya mwisho ni ya mwaka 1984. Kwa hiyo katika jedwali lenye nchi nne, mstari wa Kongo ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio. Pato nalo lina shida yake, kwa kuwa biashara ya yule mama wa vitenge haimo katika kitabu chochote cha serikali, wakati pesa zake zinasafiri kila baada ya miezi michache. Na hata pato la taifa likipimwa vizuri, halitaeleza mji huu, ambao hupumua kwa bei ya shaba. Mwishoni mwa 2008, shaba iliposhuka kutoka zaidi ya dola 8,000 kwa tani hadi karibu dola 3,000 ndani ya miezi michache, migodi ilifungwa moja baada ya nyingine. Anayekadiria abiria wa Luano aanze na shaba kabla ya kufungua vitabu vya Kinshasa.

Umbali ndio unaopotosha zaidi. Katika nchi zenye treni na barabara nzuri, nauli ikipanda msafiri hubadili chombo. Kati ya Lubumbashi na Kinshasa kuna zaidi ya kilomita 1,500 kwa njia ya anga, na hakuna lami inayounganisha miji hiyo mwanzo hadi mwisho. Anayelazimika kufika atalipa bei yoyote. Asiyeweza atabaki nyumbani. Kipimo kilichopatikana Ulaya, cha jinsi abiria wanavyopungua nauli inapopanda, hakitufai kwa safari hiyo, na hakitufai pia kwa safari ya Dar es Salaam, ambayo ina basi.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2014 na IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, ulieleza kwamba shirika la nauli nafuu liliporuhusiwa kati ya Johannesburg na Lusaka mwaka 2006, nauli za chini zilishuka kwa asilimia 38 na abiria wakaongezeka kwa asilimia 38. Utafiti huo ulichunguza nchi 12, na yetu haikuwemo. Nisingependa mtu aichukue hiyo 38 na kuibandika Luano, kwa kuwa msafiri wa Lusaka siye wa Lubumbashi. Ninachotaka ni tupate namba yetu wenyewe.

Niguse pia Go-Pass, ada anayotozwa kila abiria wa ndege nchini kwetu. Ilipoanzishwa mwaka 2009 tuliambiwa ni ya kukarabati viwanja, na sipingi. Lakini dola 50 za safari ya nje ni zilezile kwa anayekwenda Guangzhou na anayekwenda Lusaka. Wa kwanza haisikii, wa pili anavuka mpaka kwa gari. Ni wangapi? Hilo linaweza kupimwa.

Maofisa wa uhamiaji wa Kasumbalesa tayari wanawaona hao wote wenye pasi. Naomba, Mheshimiwa, kwa wiki moja ya kiangazi, wiki moja ya masika na wiki moja kabla ya Noeli, waulize swali moja la nyongeza: je, utapanda ndege upande wa pili, na unakwenda wapi? Luano nako abiria aulizwe tiketi imelipwa na kampuni au imetoka mfukoni mwake, maana mhandisi wa mgodi haulizi bei na mchuuzi haulizi kingine. Kisha matokeo yatangazwe safari kwa safari, siyo jumla moja ya nchi nzima.

Madaftari yangu yapo. Mtakwimu wako akija Lubumbashi nitamfungulia lile la pili aandike anachotaka. Majina ya wateja tu ndiyo nitakayoyafunika.

Kwa heshima,

Muuza tiketi, Lubumbashi