Kukosa chembe sio kufeli

Mhariri,

Juzi mliandika kuhusu wanasayansi wanaotafuta maada ya giza, kichwa cha habari kikasema wametoka mikono mitupu na pesa zimeenda bure. Hapo mmewakosea sana, na wanafunzi wangu wa Fomu Tatu wamesoma hiyo habari wakaiamini.

Tangu mwanaastronomia Vera Rubin apime galaksi ya Andromeda mwaka 1970 tunajua nyota za pembeni zinazunguka kwa kasi mno, lazima kuna kitu kizito kinazishikilia na hakionekani, na hicho ndicho tunaita maada ya giza. Sasa kule Lead, South Dakota, Marekani, ndani ya mgodi wa zamani wa dhahabu, karibu mita 1,500 chini, mradi wa LZ wa kutafuta chembe za hiyo maada umejaza tangi tani 10 za zenoni, gesi iliyopozwa ikawa majimaji, baridi ya kama digrii 100 chini ya sifuri, na huo mwamba wote juu yake ni wa kuzuia miale ya angani isiwachanganye. Kitu kikigonga atomu ya zenoni panamulika kidogo sana, alafu elektroni zinavutwa juu na umeme zinamulika mara ya pili, na muda ulioko kati ya hiyo miangaza miwili ndio unawaambia kimegonga kina gani. Mwaka 2024 walitoa hesabu ya siku 280. Hawakuona chembe, ni kweli, lakini sasa tunajua kama zile za aina ya WIMP, yaani chembe nzito zinazodhaniwa kugusana na maada ya kawaida kwa shida sana, ziko basi zinagonga kwa nadra kuliko vile wengi walidhani, na nadharia kadhaa zimebanwa vibaya.

Tena angalieni mambo ya DAMA, kikundi kingine cha kutafuta maada ya giza, kwenye maabara ya chini ya ardhi huko Gran Sasso, Italia. Tangu miaka ya 90 wanasema fuwele zao za ayodaidi ya sodiamu zinamulika zaidi karibu na Juni na kupungua Desemba, kila mwaka, vile tu ungetarajia dunia ikikata kwenye maada ya giza huku inazunguka jua. Vikundi vingine, ANAIS wa Uhispania na COSINE-100 wa Korea Kusini, wakachukua fuwele za aina hiyohiyo, wakapima miaka, hawakuona hayo mabadiliko. Australia nao wana jaribio kama hilo, SABRE, kwenye mgodi wa Stawell, kwa sababu kule Juni ndio baridi, kwa hivyo kama ni hali ya hewa tu inachezea mitambo itajulikana. Bila hao "waliokosa" tungekuwa tunafundisha watoto kwamba chembe ilishapatikana!

Naomba mkiandika tena mseme walipima nini na wamefika wapi, na mtupe hata nusu ukurasa wa sayansi kila wiki, shuleni tutausoma.

Mwalimu wa fizikia,
Kahawa West, Nairobi