Paka wa bibi wa watu kakosa nini?

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana nina jambo limenikaa moyoni toka wiki iliyopita. Mtaani kwetu Pasua, hapa Moshi, kuna bibi mjane anaishi peke yake, watoto wote wako Dar, alikuwa na paka mweusi wa kumkimbizia panya basi. Mtoto wa jirani akashikwa na degedege usiku, vijana wakasema yule sio paka wa bure, katumwa, wakamvizia wakampiga mawe mpaka akafa. Asubuhi bibi anamtoa paka wake mtaroni watu wanaangalia tu, hata pole hakuna. Na mtoto alivyopimwa hospitali alikutwa na malaria, kapewa dawa, saa hizi anacheza.

Naandika kwa sababu wengi wanadhani haya ni ya sisi waafrika peke yetu. Hapana jamani. Uingereza miaka ya 1500 na 1600 waliamini kila mchawi ana kamnyama kake, paka, chura, kicheche, ambako kumbe ni pepo, kanatumwa kudhuru watu alafu malipo yake kanamnyonya damu mwenyewe mchawi. Sheria yao ya mwaka 1604 iliandika kabisa kwamba kumlisha pepo mchafu adhabu ni kifo. Sasa fikiria bibi kizee anampa paka wake maziwa, jirani anachungulia dirishani, hiyo tayari kesi! Na chunjua au baka mwilini, ambalo mzee gani hana, linaitwa chuchu ya kunyonyeshea pepo.

Agnes Waterhouse wa Essex alinyongwa mwaka 1566, kisa kikubwa paka aliyeitwa Sathan. Ila anayeniuma zaidi ni Elizabeth Clarke wa Manningtree, bibi mwenye mguu mmoja, mwaka 1645. Huyu walimkalisha macho usiku kwa usiku bila kulala, Matthew Hopkins akiwepo, jamaa ambaye miji ilikuwa inamlipa kusaka wachawi, mpaka bibi wa watu akaanza kutaja, ana kapaka kanaitwa Holt, ana mbwa hana miguu, ana mwingine Vinegar Tom ana kichwa cha ng'ombe. Mtu hajalala siku kadhaa utamuuliza nini asikubali? Akanyongwa, na wanawake wengine wakafuata. Bunge lao lilikuja kufuta sheria hizo mwaka 1735, waliokufa washakufa.

Kwetu hapa bundi akitua juu ya bati tunamtafutia jiwe, wakati ndo anayekula panya wanaomaliza mahindi yetu. Na kule Shinyanga akina mama wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe miaka yote. Inaanzia kwa mnyama, alafu wanahamia kwa mwenye mnyama, na hilo ndo linaninyima usingizi nikipita kwa yule bibi jioni naona kafunga mlango mapema.

Mwenyekiti wetu wa mtaa kama unasoma hapa, itisha kikao wiki hii hii, hao vijana tunawajua, waje wamwombe bibi msamaha mbele ya watu. Mimi nimeshampatia kapaka kengine, jumamosi nakapeleka.

Msomaji wako, Pasua, Moshi